Kifaa Kipo, Lakini Kinamwita Nani?

Barua ya wazi kwa wakaguzi wa usalama wa vyombo vya majini, Tanzania Bara na Zanzibar

Ndugu zangu wakaguzi,

Nawaandikia ninyi kabla ya mawaziri na kabla ya wenye meli, kwa sababu ninyi ndio mnaopanda chomboni mkiwa na fomu mkononi. Saini yenu ndiyo inayoiruhusu boti kung'oa nanga ikiwa na abiria. Wengine wote, kuanzia ofisi za Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC) hadi Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, husoma kile mlichokiandika.

Mimi ni fundi wa redio na rada za meli. Kazi yangu ni kupanda mlingotini kubadilisha antena, kulala kifudifudi chini ya meza ya nahodha nikifuatilia nyaya, na kubadilisha betri ambazo hakuna aliyezikumbuka. Nawajua wengi wenu kwa sura. Najua joto la chumba cha injini, najua ratiba isiyosubiri, najua na simu za wenye chombo zinazouliza, "Bado tu?" Sikuandika kuwashutumu. Nina ombi moja. Fomu inauliza kama kifaa kipo na kama kinafanya kazi. Naomba muongeze swali la tatu: siku kikilia, kinamwita nani, na kitamwambia ni meli gani na iko wapi?

Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 1994, meli ya abiria Estonia ilikuwa njiani kutoka Tallinn kwenda Stockholm ikiwa na watu 989. Mawimbi yaliling'oa lango la omo, maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, na haikupita saa moja meli ikawa imezama. Walikufa watu 852. Habari hiyo hukumbukwa kwa lile lango, na ni haki. Lakini kwa sisi wa redio, yamo mambo mengine mawili ambayo kila mkaguzi angepaswa kuyajua kwa moyo.

La kwanza ni mazungumzo yenyewe. Wito wa hatari ulisikika katika chaneli 16 saa 7:22 usiku. Meli nyingine, Silja Europa, ikaitika na kuuliza mahali walipo. Afisa wa Estonia akajibu kwamba umeme umekatika, hawezi kupasoma kwa wakati ule. Dakika za thamani zikaliwa na swali hilo moja. Alipofanikiwa kutaja mahali, mazungumzo yalikuwa yanafikia mwisho. Ilipofika saa 7:29 sauti ilikuwa imenyamaza. Walikuwa na redio nzima na msikilizaji wa karibu, ila mahali walipo palikuwa kwenye skrini iliyozimika.

La pili linaniumiza zaidi. Estonia ilikuwa na maboya mawili ya ishara, haya tunayoyaita EPIRB. Yalikuwa yamekaguliwa kama wiki moja kabla ya ajali, yakaonekana mazima. Meli ilipozama, yaliachia, yakaelea, na mawimbi yakayasukuma hadi ufukwe wa kaskazini mwa nchi ya Estonia, ambako yaliokotwa siku chache baadaye. Yalikuwa yamezimwa. Yalikuwa ya aina inayohitaji mkono wa mtu kuyawasha, na hakuna aliyeyawasha. Wataalamu walipoyajaribu baadaye yalirusha ishara vizuri kabisa. Kwa lugha ya fomu, vifaa vile vilipata alama ya vema. Usiku vilipohitajika havikutoa ishara hata moja.

Maboya ya siku hizi hujiwasha yenyewe. Likitoka katika kishikizo chake na kulowa maji, boya linaanza kurusha ishara katika masafa ya 406 MHz, kila baada ya sekunde 50 hivi, na betri yake inatakiwa kuhimili saa 48. Setilaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanzishwa mwaka 1979 na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti, huipokea ishara hiyo na kuishusha kwenye vituo vya nchi kavu. Ndani ya ishara kuna namba, na ndani ya namba kuna tarakimu tatu za nchi. Za Tanzania ni 674 na 677. Ya Kenya ni 634. Tarakimu hizo ndizo zinazoamua ni nchi gani itakayoulizwa: chombo hiki ni cha nani, kinabeba watu wangapi, na nani apigiwe simu kuthibitisha kama kweli kiko safarini? Pale mahali pa ajali panapofahamika, kituo cha uokoaji cha eneo hilo nacho huarifiwa. Ila ishara ya kwanza inaweza kufika bila mahali, hasa kwa boya lisilo na GPS ndani yake. Ndivyo ilivyokuwa kwa meli ya mizigo El Faro, iliyozama karibu na Bahamas tarehe 1 Oktoba 2015 na watu wake wote 33: ishara ya boya lake ilipokewa, lakini haikusema meli iko wapi. Katika hali hiyo nchi ambako boya limesajiliwa ndiyo tegemeo la kwanza.

Sasa tutazame vyombo vyetu. Vingi tumevinunua vikiwa vimeshatumika kwingine, na hilo si siri. Meli ya abiria Spice Islander ilijengwa Ugiriki mwaka 1967. Nyingine, Skagit, ilijengwa mwaka 1989 na kubeba abiria katika jimbo la Washington, Marekani, kabla ya kuletwa kwetu. Meli ikinunuliwa, jina jipya linapakwa ubavuni, bendera inabadilishwa, vyeti vinaandikwa upya. Boya linaweza kubaki na namba yake ya zamani miaka nenda miaka rudi, kwa sababu kuibadilisha ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake, na kwa macho boya linaonekana zima. Ni kama laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine: itaita, lakini atakayefuatwa siye wewe.

Nilipanda boti moja kwa kazi ya rada, nikaomba niliangalie boya lake. Juu ya kibandiko paliandikwa kwa wino uliofifia jina la meli lisilofanana na lile lililokuwa ubavuni, na namba ya simu ya Ulaya. Taa ya majaribio iliwaka sawasawa. Vyeti vyote vilikuwa hai. Nahodha, mtu makini anayejua kila mwamba wa njia yake, hakuwa amewahi kuambiwa kwamba kibandiko kile kina maana yoyote. Kama boti ile ingezama usiku huo, simu ya kwanza ingelia kwenye ofisi ya mtu aliyekwisha kuiuza na kuisahau.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni jepesi. Mshushe boya mkononi. Msome ile namba ya herufi na tarakimu 15 iliyoandikwa ubavuni mwake, mwone kama nchi ni yetu na kama jina ni la chombo mlichosimama juu yake. Kipo kipimo cha kushika mkononi kinachosoma ishara ya majaribio na kuonyesha kilichomo ndani, maana mara nyingine kibandiko kinasema hili na boya lenyewe linasema lile. Kila kituo cha ukaguzi kiwe nacho. Usajili nao usiwe kisingizio cha gharama: Cospas-Sarsat wana rejista ya kimataifa ya mtandaoni, isiyo na malipo, iliyowekwa kwa ajili ya maboya ya nchi zisizo na rejista zao. Simu zinazoandikwa humo ziwe za watu wanaopokea usiku wa manane. Mezani kwa karani simu haipokewi usiku.

Karibu na boya kuna kidude cha duara ambacho wengi hupita wasikione. Mimi nakiita kifyatuo. Meli ikizama na kidude hiki kikafika kina cha kati ya mita 1.5 na 4, uzito wa maji unafyatua kisu kidogo kilichomo ndani, kisu kinakata kifungo cha plastiki, na boya linaachiwa lielee. Vingine vya namna hiyo vimefungwa kwenye mapipa meupe yenye maboti ya mpira ya kuokolea. Kwa kawaida kifyatuo kina umri wa miaka miwili, na mwezi na mwaka wa kuisha umetobolewa juu yake. Bei yake haizidi nauli za abiria wachache.

Nimekuta vifyatuo vilivyopakwa rangi nyeupe pamoja na ukuta, rangi ikakauka ndani ya matundu ya maji. Nimekuta boya limezungushiwa kamba ya nailoni mara tatu na kufungwa fundo. Nimekuta kamba ya boti la mpira imefungwa moja kwa moja kwenye chuma cha sitaha, ikapita pembeni ya kifyatuo, maana yake pipa lile lingekwenda chini na meli. Aliyefunga kamba ile ana sababu zake. Vitu hivi huibiwa bandarini, na kikiibiwa baharia wa zamu ndiye anayekatwa mshahara. Msimkemee peke yake. Mwambieni mwenye chombo kwamba wizi ni hasara yake yeye, aweke mlinzi, na kamba ikatwe mbele yenu kabla ya cheti kusainiwa.

Tuje kwenye redio, maana hapa ndipo pana kazi kubwa. Redio ya VHF ya meli ina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza na kukishikilia kwa sekunde chache, kinarusha katika chaneli 70 wito wa dharura wenye namba ya tarakimu tisa ya chombo na mahali kilipo, na kila redio ya namna hiyo iliyo ndani ya masafa inalia kengele. Kitufe hiki ni moyo wa mfumo wa dunia wa mawasiliano ya dharura baharini, GMDSS, ulioanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999. Lau wale wa Estonia wangekibonyeza kitufe kama hiki kikiwa kimeunganishwa ipasavyo, swali la "mko wapi?" lingejibiwa kabla halijaulizwa.

Kikiwa kimeunganishwa ipasavyo, narudia. Redio nyingi ninazofungua zina kitufe hicho, ila waya wa GPS haukufika. Skrini inaonyesha vistari mahali pa latitudo na longitudo. Nyingine hazijaingizwa namba ya chombo, kwa hiyo kitufe hakifanyi lolote. Nyingine zina namba ya bendera ya zamani, kisa kilekile cha boya. Mkaguzi anaingia, anashika kisemeo, anasema "redio, redio, tunajaribu", bandari inajibu, alama ya vema inawekwa. Jaribio hilo limethibitisha kwamba nahodha anaweza kuongea akiwa gatini, mchana, umeme ukiwepo.

Jaribuni hivi safari ijayo. Mwambieni fundi wa meli azime umeme mkuu, kisha msimame pale kwa nahodha mtazame ni kipi kinabaki kinawaka. Redio inatakiwa iwe na betri yake ya akiba, na betri hiyo iwekwe juu, mbali na maji ya ngama yanakoanzia kupanda. Taa ya redio ikizimika pamoja na feni, basi chombo hicho hakina redio ya dharura, hata kiwe kimebandikwa vyeti ukuta mzima. Umeme mkuu ukiwa bado umezimwa, tazameni kama mahali chombo kilipo pameandikwa juu ya skrini ya VHF. Halafu mfunike karatasi yenye maelezo na mumwombe baharia wa zamu, siyo nahodha, aonyeshe angefanya nini. Usiku wa ajali nahodha anaweza kuwa kitandani.

AIS, kifaa cha kuitambulisha meli, nayo ina ugonjwa huohuo, ila yake inaonekana hadharani. Kwa SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, kila meli ya abiria inatakiwa kuwa na kifaa hiki bila kujali ukubwa wake, kikitangaza jina, mahali, kasi na mwelekeo. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kufungua programu ya kufuatilia meli akaona kilichotangazwa. Nimeona chombo kilichotia nanga katika maji yetu kikijitangaza kwa jina la enzi zake za Ulaya na bandari ya mwisho iliyoandikwa humo zamani. Hilo mnaweza kulikagua mkiwa ofisini, kabla hamjavaa viatu vya kazi.

Kwa upande wa pwani, nasema na wakubwa wenu kupitia kwenu. Mawimbi ya VHF huenda moja kwa moja bila kupinda sana na mviringo wa dunia. Kati ya meli na antena nzuri ya nchi kavu tunahesabu maili 20 hadi 30 za baharini. Kwa hiyo kitufe chekundu kikibonyezwa mkondoni baina ya Nungwi na Pemba, au kusini karibu na Mafia, lazima pawe na antena inayopasikia na mtu aliye macho mbele yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama katika njia hiyo ya Pemba. Tume iliyoundwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilihesabu watu zaidi ya 1,500 waliokufa au kupotea. Walionusurika wapo waliokaa juu ya magodoro mpaka kulipokucha, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowatoa majini. Watu waliopiga simu za mkononi waliwapigia ndugu zao. Simu inamfikia mmoja tu, na ndugu aliyelala Wete hana boti. Redio inawafikia wote walio karibu kwa mara moja.

Naomba basi pawe na jaribio la kila mwezi, usiku, lisilotangazwa siku yake. Chombo kimoja kilicho safarini kipewe ruhusa ya kutuma wito wa majaribio katika chaneli 70 kwenda kituo cha pwani, na muda wa kujibiwa uandikwe. Wiki moja baadaye muda huo ubandikwe pale dirisha la tiketi, Malindi ya Unguja, Mkoani na Dar es Salaam, abiria wausome.

Sijasahau kwamba kuna ajali ambazo vifaa vyangu havizifikii. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, watu wakiona kwa macho, na wakafa 228. Uwezo wa kivuko hicho ulikuwa watu 101. Pale hapakukosekana redio wala setilaiti. Kuhesabu abiria ni kazi ya mtu mlangoni, na mtu huyo anahitaji kulindwa na ninyi pale mwenye chombo anapomwambia aache waingie.

Limebaki la majahazi na mashua, na hili naliona limeachwa mno. Vyombo vya mbao vinavyopakia saruji, mkaa, nazi na watu kati ya Tanga, Pangani, Pemba, Bagamoyo, Kilwa na Mafia haviguswi na mengi niliyoyataja. Nahodha wake ana dira, ana simu, na ana ujuzi wa Kusi na Kaskazi aliourithi. Mtandao wa simu unamwacha kabla hajafika katikati ya maji. Tena yeye mwenyewe haonekani. Mbao hairudishi mawimbi ya rada kama chuma. Bahari ikichafuka, nahodha wa boti ya kasi anazungusha kinobu cha kufuta vurugu ya mawimbi kwenye skrini, na mashua inafutika pamoja na mawimbi. Nimekaa mbele ya rada nzima kabisa nikaiona mashua kwa jicho dirishani huku skrini ikiwa tupu. Boti inayokwenda kasi ya maili 30 kwa saa inafunika nusu maili kwa dakika moja.

Dawa ya hapo haihitaji mkopo wa benki ya dunia. Kiakisi cha rada, vibati vilivyounganishwa kwa pembe na kutundikwa juu ya mlingoti, kinaweza kutengenezwa na fundi bati yeyote akionyeshwa vipimo. Redio ya mkononi ya VHF isiyoingia maji, moja kwa kila jahazi linalobeba watu, inaweza kununuliwa kwa mkupuo kupitia vyama vya wenye vyombo na kulipwa kidogo kidogo. Msianze na faini. Mkianza na faini, majahazi yatahamia kwenye bandari bubu usiku na hamtayaona tena. Anzeni na mafunzo ya nusu siku, pale pale ufukweni, kwa Kiswahili: chaneli 16 ni ya nini, unataja jina la chombo, unataja mahali, unataja idadi ya watu, unaachia kitufe ili usikie jibu. Mimi na mafundi wenzangu tuko tayari kuyatoa bila malipo mahali popote mtakapotuita, na vipimo vya kile kiakisi nimeshavichora.

Ikiwa mtapenda kuanza na chombo kimoja tu kama mfano, chagueni boti ya usiku ya Pemba. Nitakuja na kipimo changu cha maboya.

Wenu katika kazi,

Fundi wa redio na rada za meli
Dar es Salaam